Kuvua besi kwenye magugu mazito: maswali tunayoulizwa kila wiki

Sisi ni kikundi kidogo cha wavuvi wa burudani tunaoishi Nairobi na kuvua Naivasha. Simu zetu hazikauki maswali, hasa Alhamisi na Ijumaa watu wanapojiandaa kwa safari ya Jumamosi. Nimekusanya yale yanayojirudia na kuyajibu mwenyewe, kwa jinsi nilivyojifunza ziwani na kwa wenzangu. Karibu yote yanatokana na jambo moja: mtu anafika ziwani, anaona kijani kimetanda hadi ufukweni, anamwambia nahodha ampeleke kwenye maji wazi, na mchana anarudi mikono mitupu. Samaki aliyemfuata kutoka Nairobi alikuwa palepale alipogeuzia boti.

Besi ni samaki gani, na alifikaje huku kwetu?

Ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, asili yake Amerika Kaskazini. Mgongo wake ni wa kijani kilichoiva, tumbo jeupe, na ubavuni ana mstari mweusi uliochanika-chanika kuanzia kichwani hadi mkiani. Mdomo ndio utakaomtambulisha: akiufunga, taya la juu linafika nyuma ya jicho. Akiufungua, ngumi ya mtoto inaingia.

Aliletwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Ziwa hilo kwa asili lilikuwa na aina moja tu ya samaki, kisamaki kidogo ambacho mara ya mwisho kuonekana humo ilikuwa mwaka 1962. Karibu wote waliobaki ni wageni: ngege walianza kuletwa miaka ya 1920, kamba wekundu wa Louisiana walitiwa mwaka 1970, na kapi walianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kamba hao wana umuhimu kwetu kwa njia mbili. Kwanza, ndio chakula kikuu cha besi mkubwa wa Naivasha. Pili, walisaidia kuimaliza mimea iliyokuwa ikiota chini ya maji. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mimea hiyo ilikuwa imetoweka. Wazee waliovua huko zamani husimulia vichaka vilivyozama ambavyo ungeweza kuviona ukiinama kwenye boti. Sisi tumebakiwa na kijani kinachoelea na kile cha ukingoni, na humo ndimo besi alimohamia.

Kwa nini besi apende magugu?

Kwa sababu yeye ni mviziaji. Hana mbio za kumfukuza samaki mwenzake masafa marefu. Anasimama kivulini, kichwa kikielekea penye mwanga, anangoja kitu kipite. Magugu yanampa kivuli, yanamficha yeye, na yanawavuta anaowala: vitoto vya ngege, kamba, vyura, wadudu.

Lakini kuna kosa nimeliona hata kwa wavuvi wazoefu, la kudhani kwamba magugu yakizidi na samaki huzidi. Sivyo. Mmea ulio chini ya maji hutoa oksijeni majini mchana. Gugu maji linaloelea halifanyi hivyo; majani yake yako juu, hewa yake inaenda juu, na kivuli chake kinazuia mwanga kufika chini. Mkeka mpana uliokaa miezi mingi mahali pamoja huwa na maji yaliyokosa hewa katikati yake, na majani yanayooza yanamaliza hata ile kidogo iliyobaki. Samaki hakai hapo. Yuko ukingoni, au ndani kidogo, mita mbili tatu hivi, au penye upenyo unaoruhusu upepo na mwanga.

Kipimo changu ni kasia. Nalichomeka ndani ya mkeka na kulikoroga taratibu. Mapovu yakipanda na harufu ya yai viza, naondoka bila kurusha hata mara moja. Nikisikia vitu vidogo vinarukaruka chini ya majani, ule mtatariko kama wa mahindi kwenye sufuria, hapo natulia.

Nitayatambuaje magugu mazuri? Kwa macho yangu yote ni kijani tu.

Yalikuwa kijani kitupu kwangu pia. Anza kwa kuyajua kwa majina.

Gugu maji ndilo lenye maua ya zambarau na mabua yaliyovimba kama puto. Asili yake Amerika Kusini, na Naivasha lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Linaelea bila kushika chini, kwa hiyo linahama na upepo. Mizizi yake inaning'inia kama ndevu nyeusi, na ndani ya ndevu hizo wamejaa wadudu na vitoto vya samaki. Mkeka wake ni mzuri ukiwa umeegemea kitu, kwa mfano ukuta wa mafunjo au mti uliozama, na chini yake kuna kina cha mita moja au zaidi.

Mafunjo, yale marefu yenye vichwa kama nywele zilizotimka, ni ukuta. Usirushe popote pale ukutani. Tafuta mahali ukuta unapovunjika: kona, mlango, kichaka kimoja kilichojitenga, njia aliyopita kiboko (na hapo angalia kwanza kama mwenyewe hayupo). Besi wa mafunjo hukaa kwenye kasoro. Ukuta ulionyooka mita mia moja unaweza kuwa na samaki wawili, na wote wako kwenye kona ileile.

Yungiyungi ni rahisi kuliko yote kwa anayeanza, kwa sababu kuna nafasi kati ya majani na mshipi unapita.

Halafu kuna migunga iliyokufa. Maji ya Naivasha yalipanda sana, na mwaka 2020 yalifurika hadi kwenye makazi ya watu. Miti iliyokuwa nchi kavu sasa imesimama majini, na nyua za mashamba ziko chini ya maji pamoja na waya zake. Gugu maji likikwama kwenye matawi hayo linatengeneza paa. Paa, nguzo na kivuli: hiyo ni nyumba kamili ya besi. Ni mahali pa kupoteza ndoano pia, na nahodha asiyejua waya ziko wapi anaweza kuharibu boti.

Sheria yangu ni hii: tafuta mahali aina mbili zinapokutana. Gugu maji na mafunjo. Yungiyungi na mti. Mpaka huo ndio wa kwanza kurushiwa.

Kutoka Nairobi naendaje, na naanzia wapi?

Naivasha iko kama kilomita 90 kutoka jijini. Tunaondoka saa kumi na nusu alfajiri ili jua la saa kumi na mbili na nusu litukute tayari tuko majini. Asiye na gari apande matatu ya Naivasha kule Nyamakima, ila kwa matatu ni vigumu kufika mapema hivyo. Afadhali aende Ijumaa jioni na kulala huko.

Ukifika mjini, shika barabara ya Moi South Lake. Kuna bandari za wavuvi Karagita na Kamere, na nahodha wengi wanaolijua ziwa kona kwa kona. Elewana naye bei na saa kabla hujapanda, na mwambie wazi kwamba unataka kuvua kwenye magugu. Wengi wao wamezoea wageni wa kutazama viboko na furukombe, na boti inayopita kwa kasi kando ya mafunjo itakufukuzia samaki.

Upande wa kaskazini ndiko Mto Malewa unakoingilia, kwenye mafunjo mengi. Baada ya mvua maji huko huwa kama chai ya maziwa. Siku hizo tunaenda upande wa Crescent Island, ambako kina ni kirefu na maji husafika mapema.

Nahitaji leseni?

Ndiyo. Ofisi ya uvuvi hutoa leseni ya uvuvi wa burudani. Uliza pia kwa viongozi wa ufuo unaoondokea kama kuna sehemu zilizofungwa kwa ajili ya mazalia ya samaki, kisha uziheshimu.

Vifaa gani vinafaa? Fimbo niliyo nayo ni ya ngege.

Iache ya ngege nyumbani. Kwenye magugu hupigani na samaki peke yake. Besi wa kilo moja akijizungushia gugu, unavuta kilo nne au tano za majani yaliyolowa.

Fimbo iwe ngumu, ya futi 7 hadi 7 na nusu, inayopinda nchani tu. Rili iwe ya kasi, inayozungusha ngoma mara saba au zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa mkono, kwa sababu samaki akishanaswa unataka kumtoa kabla hajafikiri. Breki yake ikaze kabisa. Huku hatumwachi samaki akimbie na mshipi. Kila nusu mita unayompa anaitumia kujifunga.

Mshipi uwe wa kusuka, wa kuhimili uzito wa ratili 50 hadi 65. Hili sipendi kubishana na mtu. Nailoni inanyumbuka, na inaponyumbuka samaki ameshageuka na kuingia ndani. Tena inakatika kwenye mabua. Mshipi wa kusuka haunyumbuki, na ukivutwa kwa nguvu unakata majani kama msumeno. Wengine huogopa kwamba samaki atauona. Chini ya paa la magugu, gizani, na mabua mia moja yamemzunguka, haujali.

Fundo tunalotumia ni la Palomar. Kunja mshipi uwe mara mbili, upitishe hivyo ulivyokunjwa kwenye tundu la ndoano, funga fundo la kawaida bila kukaza, kisha pitisha ndoano nzima ndani ya kitanzi kilichobaki. Lowesha kwa mate, kaza polepole. Ukikaza kavu, mshipi unajisugua na kudhoofika mahali usipopaona.

Beba pia koleo la mdomo mrefu, kisu, kofia, maji ya kunywa na jaketi la kuokoa maisha. Jaketi livaliwe. Nimeona mengi yaliyokaliwa kama mto.

Chura bandia anatumiwaje?

Huyu ndiye mwalimu wa magugu. Ni chura wa mpira laini, ndani mtupu, mwenye ndoano mbili zilizolala mgongoni zikiangalia juu. Anateleza juu ya majani bila kunasa. Samaki akimng'ata, mpira unabonyea na ndoano zinajitokeza.

Usimrushe penye upenyo. Mrushe mbele ya upenyo, mita moja au mbili kupita, atue juu ya majani. Kisha mlete kwa hatua ndogo: mtikise, mtikise, tulia. Majani yakitikisika, aliye chini anajua kuna kitu kinatembea juu ya dari yake, na anaanza kukifuata. Akifika ukingoni mwa upenyo, mdondoshe majini na umwache. Usifanye kitu. Hapa ndipo watu wengi wanashindwa, kwa sababu mkono unawasha. Mimi nahesabu hadi tano, mara nyingine kumi, hadi viduara vya maji vipotee vyote. Kisha namtikisa mara moja tu, papo hapo, bila kumsogeza.

Namkumbuka samaki wangu wa kwanza wa namna hiyo. Upenyo wenyewe haukuzidi mdomo wa sufuria ya ugali, kati ya gugu maji na kichaka cha mafunjo. Chura alikuwa ametulia, na mnandi mmoja juu ya mti mkavu alikuwa akikausha mbawa. Niliona kwanza majani ya pembeni yakiinuka, kama mtu anayeinua blanketi kwa bega. Halafu pwaa! Palipokuwa na chura pakabaki shimo jeusi la maji. Nilivuta papo hapo kwa nguvu zangu zote, na chura akaruka hewani akapita sikioni kwangu. Yule mzee tuliyekuwa naye botini hakucheka. Alisema tu, "Mwanangu, hukumpa nafasi ya kumeza."

Ndiyo maana nawakosa kila mara?

Karibu kila mara ni hiyo. Besi akipiga kwenye magugu anapiga pamoja na majani, maji na hewa; chura hajaingia vizuri mdomoni. Ukiona mpasuko wa maji, usivute kwa kile ulichoona. Teremsha ncha ya fimbo imwelekee samaki, sema "moja, mbili" moyoni, kusanya mshipi uliolegea, na ukihisi uzito ndipo uvute juu kwa mwili mzima. Asipokuwepo uzito, usivute. Mwache chura mahali pake, atamrudia.

Sababu nyingine ni ndogo ndogo. Chura amejaa maji, mkamue. Miguu yake ya nyuzi ni mirefu na samaki anashika miguu tu, ipunguze kwa mkasi kidogo kidogo. Ndoano zimelala mno kwenye mpira, zipinde juu kwa koleo kiasi cha unene wa karatasi nene. Na ndoano butu ni ndoano butu; iburute juu ya ukucha, isipokwama, inoe.

Samaki akikosa na asirudi, kuwa na fimbo ya pili iliyofungwa mnyoo wa plastiki. Udondoshe kwenye shimo lilelile alilolitoboa mwenyewe. Mwenzangu mmoja hupata wengi kwa njia hiyo kuliko kwa chura.

Jua likiwa kali na chura hapati kitu, nifanyeje?

Toboa paa. Kuanzia saa nne asubuhi besi wanashuka chini ya mkeka na hawapandi tena. Chukua chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) nzito ya wakia 1 hadi 2, yaani gramu 28 hadi 57, yenye umbo la risasi ya bunduki. Ipitishe kwenye mshipi, izuie isiteleze kwa kipande cha mpira, halafu funga ndoano imara na uivishe mnyoo mfupi au kamba wa plastiki, ncha ya ndoano ikiwa imefichwa ndani ya plastiki. Kamba mwekundu mwenye weusi ndiye ninayempenda Naivasha, kwa sababu ndicho chakula anachokijua.

Ukiweza, chubwi iwe ya tungsteni badala ya madini ya risasi. Tungsteni ina uzito mkubwa zaidi kwa umbo dogo, karibu mara 1.7, kwa hiyo inapenya pale ambapo ya risasi inakaa juu ya majani. Tafadhali usiyeyushe risasi ya betri kuukuu jikoni kwako ili kutengeneza chubwi. Moshi na vumbi lake ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi.

Hapa hurushi mbali. Boti inakaa umbali wa urefu wa fimbo mbili, unairusha chubwi juu kidogo, inaanguka wima na kupasua mkeka. Chini ya majani mara nyingi kuna chumba kitupu. Acha iguse chini, inyanyue mara mbili, tatu, kisha itoe uende tundu la pili. Besi akichukua, wala hutasikia pigo. Mshipi unaanza tu kutembea kando, au uzito unapotea kama uliokatika. Vuta mara hiyohiyo. Kule kwa chura unangoja, hapa hungoji hata kidogo. Watu wanachanganya haya mawili na kukosa kote kuwili.

Amejizika ndani ya magugu na hatoki. Nivute?

Usivute. Weka mshipi umekaza, usilegeze, na mwombe nahodha akupeleke hadi juu yake. Kisha fuata mshipi kwa mkono, tenganisha majani, umtafute. Mara nyingi ametulia tu mle ndani, amefungwa kama mtoto mgongoni. Mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba. Meno yake ni kama msasa, hayakati.

Ila njia bora ni asizikwe kabisa. Akishanaswa, inua fimbo, zungusha bila kukoma, kichwa chake kije juu ya majani ateleze. Kichwa kikiwa juu, mkeka ni barabara. Kikiwa chini, ni wavu.

Boti iingie kwa upondo au kasia. Injini ikizungushwa ndani ya gugu maji, rafadha inajifunga mabua na mtakaa hapo mkiyakata kwa kisu.

Viboko je?

Naivasha haina mamba, na watu wakisikia hivyo wanalegea. Kiboko ndiye wa kuogopwa. Mchana anakaa majini, mara nyingi kandokando ya mafunjo na magugu tunayoyapenda sisi. Usiku anapanda kula majani ufukweni, na asubuhi anarudi. Kwa hiyo kuvua ukiwa umesimama ufukweni au ndani ya maji, alfajiri au jioni, hatukubali. Kikundi chetu kinavua kwenye boti tu, na nahodha akisema "tuondoke" hatuulizi sababu.

Mjue kwa dalili: mapovu yanayotembea kwa mstari, magugu yanayoinuka bila upepo, mlango mpya kwenye mafunjo wenye matope yaliyovurugika. Usikae kamwe kati yake na maji marefu. Hata kama umemwona besi wa maisha yako mbele yake, huyo mwachie yeye.

Upepo unaharibu uvuvi?

Unabadilisha ramani. Asubuhi Naivasha ni shwari. Mchana upepo unaamka na kuisukuma mikeka yote upande mmoja. Upenyo mliouvua saa moja unaweza kuwa umefungwa saa sita.

Tuliwahi kuingia kwenye kihori kidogo, yaani kighuba, watu watatu, samaki wakawa wanakula vizuri, na hakuna aliyetazama nyuma. Upepo ulipogeuka, mkeka mkubwa wa gugu maji ulikuja taratibu ukaziba mdomo wa kihori. Tulipogundua, maji wazi yalikuwa mbali kiasi cha uwanja wa mpira. Injini haikufaa kitu. Tulisukuma kwa upondo na kuyavuta majani kwa mikono kwa muda wa karibu saa tatu, mikono ikachubuka, maji ya kunywa yakaisha, na mmoja wetu akaanza kutapika kwa jua. Wavuvi wa nyavu walituona wakaturushia kamba. Tangu siku hiyo mmoja botini kazi yake ni kutazama nyuma kila dakika chache, simu iko ndani ya mfuko usiopitisha maji, na namba ya kiongozi wa ufuo imehifadhiwa. Nawaomba mfanye hivyohivyo.

Naweza kujifunza nikiwa Nairobi kabla ya kwenda?

Unaweza, na utaokoa pesa nyingi za boti. Nenda kwenye uwanja wowote wenye nyasi ndefu, kata ncha za ndoano za chura kabisa, tandaza ndoo, beseni na kifuniko cha sufuria kwenye nyasi, na urushe. Nyasi zinamshika chura kama magugu yanavyomshika. Sisi tulijifunzia kiwanja cha mtaani Jumapili jioni, na watoto wa mtaa wakawa waamuzi. Chura akitua kwenye kifuniko wanapiga kelele. Ukiweza kupata kifuniko mara saba kati ya kumi kwa hatua kumi na tano, uko tayari.

Watu huuliza kuhusu Bwawa la Nairobi pale Lang'ata, kwa sababu limefunikwa na gugu maji na linafanana na tunachokitafuta. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953, na kuna wakati watu waliendesha mashua za tanga juu yake. Leo limezibwa na magugu na maji machafu ya mitaa inayolizunguka. Usivue pale, na samaki anayetoka pale usimle. Kila nikipita Lang'ata nalitazama na moyo unauma, kwa sababu gugu maji halijileti lenyewe kwa wingi ule. Linalishwa na uchafu tunaoumwaga na mbolea inayotiririka kutoka mashambani. Naivasha nayo imezungukwa na mashamba na mji unaokua.

Besi mkubwa anafikia uzito gani?

Wengi tunaowanasa hawafiki kilo moja na nusu. Rekodi ya dunia ni zaidi kidogo ya kilo 10: George Perry alimnasa wake Georgia, Marekani, mwaka 1932, na Manabu Kurita akamfikia mwaka 2009 katika Ziwa Biwa, Japani.

Anayeanza na asipate kitu, ni kawaida?

Kawaida kabisa. Tangu kapi waongezeke Naivasha, wao ndio wanaojaza nyavu, na wanachimba tope na kuyachafua maji, ilhali besi huwinda kwa macho. Safari mbili tatu za bure zisikukatishe tamaa.

Nimle au nimrudishe?

Ana nyama nyeupe, ngumu kidogo, yenye miiba michache. Mkaange mkavu kwa ndimu, chumvi na pilipili, umle na ugali na sukuma wiki, hutamkumbuka ngege siku hiyo. Sioni kosa kumla. Ni mgeni ziwani na leseni inakuruhusu. Lakini wakubwa ndio wazazi, na wamebaki wachache. Mimi nachukua wawili wa sufuria, wakubwa nawarudisha. Unayemrudisha, lowesha mikono kwanza, msaidie tumbo kwa mkono wa pili, na asikae nje zaidi ya muda ambao wewe mwenyewe unaweza kubana pumzi. Usimrudishie juu ya magugu. Mpeleke penye maji wazi, mshike hadi apige mkia mwenyewe.

Na usimbebe akiwa hai kwenda kumpanda kwenye bwawa la shamba lenu. Ngege wa jirani atakwisha.

Nikirudi nyumbani, kuna la kufanya na vifaa?

Kabla hujatoka ufuoni, toa kila kipande cha jani kwenye mshipi, rili, viatu na sakafu ya boti ukayaache palepale yalipotoka. Kijichipukizi kimoja cha gugu maji kikiwa kibichi kinaweza kuanzisha mkeka mpya kwenye bwawa lingine, na mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi zikingoja. Minyoo ya plastiki iliyochanika irudi nayo kwenye kopo. Sisi tunatumia makopo ya majani ya chai. Mshipi uliokatika ukaning'inia kwenye mafunjo, urudie ukautoe hata kama mmechelewa. Mnandi niliyemkuta amefungwa miguu kwa mshipi wa kusuka alikuwa bado hai, na tulitumia kisu na nusu saa kumfungua.

Nyumbani osha fimbo kwa maji safi, kata mita mbili za mwisho za mshipi zilizosuguliwa na mabua, mkamue chura na umwache akauke kivulini na tumbo likiwa juu.